Ustaarabu ulimnufaisha nani?
Hoja yako kwamba ustaarabu umemnufaisha kila mtu haisemi umemnufaisha tangu lini. Miongoni mwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa Tanzania, mnyama mkubwa akiangushwa, nyama hugawanywa kambi nzima, wala mwindaji hana mamlaka ya kuwanyima wengine. Ilhali mjini Uruk, mji wa kale katika Iraki ya leo, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, makarani walikwisha kuanza kuandika kwenye vibao vya udongo mgawo wa shayiri wa vibarua, huku ziada ikihifadhiwa na mahekalu. Mkulima wa kawaida hakupata nafuu kubwa, kwani katika jamii za aina zote mbili, za wawindaji na za wakulima, takriban nusu ya watoto walikufa kabla ya utu uzima, hadi chanjo na maji safi vilipoenea, jambo la juzi tu. Ila mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa insulini, iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1922, ana haki ya kutoitamani kambi ile.