Mzigo uliponidodea ndipo nikamjua Osborne

Wanaonipigia simu kuniuliza kuhusu kufungua duka la kompyuta huanza na mtaji. Milioni ngapi zinatosha, kodi ya fremu Kariakoo ikoje siku hizi, mzigo afuate Dubai au achukue hapahapa kwa mali kauli. Hakuna aliyewahi kuniuliza mzigo mpya autangaze lini. Hata mimi sikujiuliza, na ni hilo nusura linifungie duka.

Mwaka 2023 nilikuwa na laptopu za mtumba 40, zote za kizazi cha 6 (kizazi cha prosesa ya Intel, ubongo wa kompyuta; namba ikipanda, mashine ni mpya zaidi), nyingine rafuni, nyingine stoo. Nikapata mtu Dubai wa kunipa za kizazi cha 8 kwa bei ya kueleweka. Hela sijatuma, mzigo sijauona, lakini picha alizonirushia nikazitupia stetasi jioni ileile: "Zinakuja! Bei ileile!" Simu haikutulia mpaka usiku wa manane. Nikalala najiona bingwa wa matangazo.

Wiki mbili zilizofuata niliuza mashine 3. Kila anayeingia, swali ni moja: zile zimefika? Mama mmoja mwalimu, ambaye alishanipa kianzio, alirudi na risiti yake mkononi. "Mwanangu, naomba nisubiri hizo nyingine." Ungemwambiaje? Nikamhesabia hela yake. Mzigo nao ukakwama bandarini karibu miezi miwili, kodi ya fremu ikafika, nikaanza kushusha bei. Kutoka 480,000 nikaja 420,000, nikaishia 350,000, chini ya ile niliyonunulia.

Fundi ninayefanya naye kazi alicheka. "Bosi, umejifanyia Osborne. Mdomo umeponza kichwa." Osborne ndiyo nani? Usiku huo nikakaa kusoma.

Adam Osborne alizaliwa Bangkok mwaka 1939, akakulia India, akasomea uhandisi wa kemikali, mwishowe akatua California akiandika na kuchapisha vitabu vya kompyuta. Biashara ya vitabu aliiuzia kampuni ya uchapishaji ya McGraw-Hill mwaka 1979. Kisha akamshika Lee Felsenstein, mbunifu aliyetokea kwenye klabu ya wapenda kompyuta ya Homebrew, akamwambia amchoree kompyuta ya kubeba. Aprili 1981, kwenye maonyesho ya West Coast Computer Faire pale San Francisco, wakaiweka mezani Osborne 1.

Ya kubeba kwa wenye mikono. Ilikuwa na uzito wa kilo 11, umbo lake kama cherehani iliyofungiwa ndani ya sanduku, ila iliingia chini ya kiti cha ndege. Skrini inchi 5, ndogo kuliko ya simu nyingi tunazotembea nazo leo, ikionyesha herufi 52 tu kwa mstari. Kumbukumbu kilobaiti 64. Kiufundi hapakuwa na maajabu. Ajabu ilikuwa kwenye bei: dola 1,795, na ndani yake umeshawekewa WordStar ya kuandikia, SuperCalc ya mahesabu na BASIC ya kuandikia programu. Ukienda kuzinunua programu hizo mojamoja, ungekaribia bei ya mashine nzima.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kama muuzaji ndipo nilipomvulia kofia. Yule bwana aliona kwamba mteja havutwi na mashine tupu. Anataka afike nyumbani, awashe, aandike barua. Tangu nisome hilo, laptopu haitoki dukani kwangu bila begi, mausi na programu zote za kazi zikiwa zimeshawekwa na kujaribiwa mbele ya mteja. Naongeza kidogo kwenye bei na hakuna anayelalamika. Hata usipochukua kingine kwenye makala hii, chukua hicho.

Ilipokuwa juu kabisa, kampuni ilikuwa ikiuza mashine zinazokaribia 10,000 kwa mwezi. Septemba 13, 1983 ikaomba mahakama iitangaze imefilisika. Tangu Aprili 1981 mpaka siku hiyo ni miaka miwili na nusu hivi.

Hadithi inayopendwa ni ile ya fundi wangu. Mwanzoni mwa 1983 Osborne alianza kuwatambia waandishi wa habari mashine mpya, Executive, wakati za zamani bado zimejaa. Maduka yakasitisha oda, hela ikakauka. Bei ya Osborne 1 ikashushwa mpaka dola 1,295, kisha 995, lakini wapi. Mpaka leo, muuzaji akiua bidhaa yake kwa kutangaza inayofuata, watu wa teknolojia huiita athari ya Osborne.

Niliiamini kwa wiki nzima, maana ilinifariji: kosa langu ni moja, stetasi. Halafu nikafungua daftari la mauzo.

Daftari halina huruma. Mauzo yalianza kushuka miezi mitatu kabla ya ile stetasi. Kutoka mashine 7 kwa wiki, zikawa 5, zikawa 4. Nilipojilazimisha kukumbuka, wateja walikuwa wananiambia kila siku: "Hii inapokea Windows 11?" Kwa upande wa Intel, Microsoft walishasema wanataka kuanzia kizazi cha 8. Mimi nina 40 za kizazi cha 6, najibu, "Windows 10 inatosha bwana, ya nini presha?" Jirani yangu fremu ya tatu alishaleta zinazopokea, tena bei yetu haikupishana sana. Stetasi ilimalizia tu kazi iliyokwisha kuanzwa.

Nikarudi kwa Osborne kwa jicho jingine. Mwaka 1982, Andrew Kay na kampuni yake ya kusini mwa California walitoa nao kompyuta ya kubeba, Kaypro II: skrini inchi 9, herufi 80 kwa mstari, dola 1,595. Kubwa zaidi kwa bei ndogo zaidi. Na ile Executive iliyotangazwa kwa mbwembwe? Inchi 7, dola 2,495. Kompyuta ya IBM nayo ilikuwa sokoni tangu Agosti 1981, na mwanzoni mwa 1983 kampuni ya Compaq wakaleta ya kubeba inayoendesha programu za IBM, huku Osborne bado yumo kwenye CP/M, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta (kama Windows ilivyo leo). Hata angenyamaza kimya, nani angemwokoa? Kaypro nao waliing'ang'ania CP/M kupita muda wake, na mwaka 1990 zamu yao mahakamani ikafika.

Kuna simulizi nyingine, ya mtu aliyekuwa akiuza mashine hizo, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Anasema kiongozi mmoja wa Osborne alikuta stoo bodi za mashine za zamani zenye thamani ya dola 150,000, akaona haya kuzitupa. Zikaagizwa skrini, diski na makasha ya kuzikamilisha, karibu dola milioni 2 zikaenda. Nami kati ya zile 40 nilikuwa na 11 ambazo betri zimekufa. Nilizinunulia betri na chaja, 60,000 kila moja, ili nikaziuze 350,000! Bora ningezivunja nikauza vipuri, skrini na kibodi zake hazikosi mnunuzi.

Sasa hivi, kabla sijatangaza chochote, nahesabu zilizobaki na kugawa kwa wastani wa mauzo ya wiki nne. Jibu likiwa wiki tano, nimefunga mdomo. Zikibaki za siku chache, naongea, na siongei kabla mzigo haujatoka bandarini. Aliyenipa kianzio namwambia pembeni kwamba kuna nyingine zinakuja, akitaka ataongeza hela abadilishe. Na "bei ileile" sisemi tena, nataja tofauti ya bei tangu siku ya kwanza, ili anayehitaji ya chini aichukue leo. Ila lenye faida kuliko yote ni dogo tu: mtu akiingia akaangalia akatoka mikono mitupu, namfuata mlangoni namuuliza alikuwa anatafuta nini. Jibu naandika nyuma ya daftari. Kama ningeanza mapema, "Windows 11" ingekuwa imejaza kurasa mbili.

Kuna mzigo mwingine njiani. Usinitumie ujumbe kuuliza ni wa nini. Rafuni zimebaki 9, pita uzione.