Nenda ofisi ya ruzuku kabla ya bajeti

Dadangu, umeuliza kama upeleke ombi lako la ruzuku ya utafiti kwa ofisi ya ruzuku ya chuo ukishalimaliza. La, nenda mapema, hata na ukurasa mmoja wa wazo. Bajeti ndiyo huangusha wengi: mtu anaandika posho za wasaidizi na nauli ya matatu hadi Kibera, anasahau asilimia ambayo vyuo vingi hukata kwa gharama za uendeshaji, kisha sahihi ya ofisi inakwama siku ya mwisho. (Na siku hiyo tovuti ya mfadhili nayo huwa imelemewa.) Halafu kuna leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya), inayotakiwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, pamoja na kibali cha maadili ya utafiti. Viingize kwenye ratiba ya mradi, la sivyo utangoja karatasi huku pesa zimelala benki.