Nina ujauzito wa wiki 12 na nimeitwa usaili: niseme nini, ninyamazie nini?

SWALI

Shikamoo dada. Nina miaka 29, ni mhasibu, naishi Morogoro. Niliacha kazi kumuuguza mama aliyepata kiharusi, nikakaa nyumbani miezi 14. Sasa nimeitwa usaili Alhamisi ijayo na kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi. Nina mtoto wa miaka minne, sijaolewa, na nina ujauzito wa wiki 12 ambao bado hauonekani. Rafiki yangu aliyefanya usaili hapohapo anasema ukifika mapokezini unapewa fomu inayouliza dini, kabila, hali ya ndoa, idadi ya watoto na kama una maradhi ya kudumu. Shangazi anasema niandike sina mtoto, na mimba nisiitaje mpaka nimalize muda wa majaribio. Nafsi inanisuta. Nikisema yote naogopa kukosa kazi, nikificha naogopa kuonekana tapeli. Kisheria na kikazi, nifanyeje?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa kumuuguza mama, na hongera kwa ujauzito. Katika barua yako yote hukujipa hongera hata mara moja, basi nakupa mimi.

Nianze na shangazi, kwa sababu nusu ya ushauri wake ni sahihi. Kutoitaja mimba kwenye usaili ni haki yako. Kuandika kwamba huna mtoto ni jambo jingine kabisa. Fomu za namna hiyo huwa na mstari wa mwisho unaosema unathibitisha kuwa uliyoandika ni kweli, kisha nafasi ya sahihi. Ukitia sahihi juu ya uongo, umemwachia mwajiri karatasi anayoweza kuitoa kabatini siku yoyote mtakayokosana, hata miaka mitano baadaye. Na uongo huo hautakaa muda wote huo: mwezi wa kwanza kazini utaletewa fomu ya bima ya afya uwaandike wategemezi wako, na atakayeipokea ni afisa yuleyule aliyeiweka ile ya kwanza kwenye faili. Nafasi iliyoachwa wazi haina tatizo hilo. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili kwa miaka 16, na sijaona mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya kisanduku alichokiacha kitupu.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya kifamilia, ulemavu, VVU na mengine kadhaa. Wengi hudhani inamlinda aliyekwisha kuajiriwa tu. Kifungu hichohicho kinaeleza kuwa mfanyakazi, kwa jambo hili, ni pamoja na mwombaji wa kazi, na kinagusa matangazo, vigezo vya uteuzi na taratibu za usaili. Kwa hiyo unalindwa tangu unapotuma maombi. Ulinzi huo una mpaka mmoja: sifa ambayo kazi yenyewe haiwezekani bila hiyo haihesabiwi kuwa ubaguzi. Kufunga hesabu za mwezi hakuhitaji mtu asiyekuwa na mimba.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa zako awe na lengo linalojulikana na asichukue zaidi ya anachohitaji. Una haki ya kuuliza kwa upole kabila lako linahitajika kwa ajili gani.

Lakini mimi na wewe tunajua kuwa sheria kuwepo ni jambo moja na jopo kuifuata ni jambo jingine. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii nilikaa kwenye jopo ambalo mwenzetu alimuuliza msailiwa, “Na watoto utawaachia nani?” Karatasi zetu za alama hazikuwa na kipengele cha watoto. Hata hivyo niliona kalamu zikiandika. Sikusema neno, na yule dada hakupata kazi. Jambo hilo bado linaniuma, na ndilo linalonifanya nikujibu kwa urefu.

Tuje kwenye mimba, maana hapa muda ndio unaoamua, na hesabu hii shangazi hakuipiga. Leo una wiki 12. Ukifaulu, mpaka wakuite, mkubaliane na uanze kazi, tuseme utakuwa na wiki 17. Kujifungua ni kwenye wiki ya 40. Maana yake utajifungua ukiwa na wiki 23 kazini, yaani miezi mitano na siku chache. Kifungu cha 33 cha ile Sheria ya Ajira kinampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Ila kifungu cha 29 kinasema mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Utaikosa kwa wiki tatu tu.

Ukifuata ushauri wa kunyamaza mpaka majaribio yaishe, utafika wiki za mwisho za mimba huna makubaliano yoyote ya malipo, na tumbo lilishasema zamani. Tena kifungu cha 33 kinakutaka umjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Kwa hesabu yako hiyo ni wiki ya 27, kiasi cha wiki kumi baada ya kuanza kazi. Sheria yenyewe, kwa hiyo, inakupa nafasi ya kuwa kimya kwenye usaili, na inakuwekea siku ambayo ukimya unakwisha.

Wapo wenzangu watakaokwambia tia sahihi mkataba kwanza, useme wiki ya 27. Ni halali. Kwa hali yako mimi ningesema mapema zaidi: baada ya kupata ofa kwa maandishi na kabla ya kutia sahihi. Sababu ni hiyo miezi sita. Sheria inaweka kiwango cha chini, na mwajiri anaruhusiwa kukupa zaidi ya hapo, lakini jambo hilo lazima liingie kwenye mkataba, na wakati wenye nguvu ya kulidai ni pale wanapokutaka na hujasaini. Andika baruapepe fupi: unashukuru kwa ofa, unatarajia kujifungua mwezi fulani, umejipanga kukabidhi kazi hivi na vile, na unaomba mkataba utaje likizo ya uzazi yenye malipo ingawa utakuwa hujafikisha miezi sita. Hata wakikubali nusu mshahara, utakuwa umepata kitu ambacho kisheria hukuwa nacho.

Hatari ipo na sitakuficha. Wanaweza kuiondoa ofa. Ndiyo maana nasisitiza maandishi: ofa ya tarehe fulani, baruapepe yako, kisha barua ya kuondoa ofa. Karatasi tatu zikifuatana namna hiyo zinazungumza zenyewe. Katika mashauri ya ubaguzi ukishaonyesha dalili za awali, mzigo wa kuthibitisha kuwa haikuwa ubaguzi humwangukia mwajiri. Shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Jua pia kwamba ndani ya miezi sita ya kwanza ulinzi wa kawaida dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haukugusi bado, lakini kinga dhidi ya ubaguzi inakugusa tangu siku ya kwanza. (Kama kazi ingekuwa ya kushika kemikali au kubeba mizigo ningekwambia useme mapema zaidi, kwa usalama wako na wa mtoto. Dawati la hesabu halina shida hiyo.)

Wakikuuliza ana kwa ana kama una mimba, usiseme huna. Jibu hivi: “Hakuna kitu kitakachonizuia kufanya majukumu mliyoyataja kwenye tangazo. Mambo ya familia nitayaweka wazi kwa ofisi ya utumishi tukifikia hatua ya mkataba.” Lifanyie mazoezi kwa sauti nyumbani mpaka litoke bila kutetemeka.

Ile miezi 14 usiifiche. Pengo kwenye CV ya mhasibu linatisha kuliko sababu yake, kwa sababu msomaji atawaza wizi au kesi. Mstari mmoja unatosha: miaka husika, kisha “kumuuguza mzazi (jukumu hilo limekamilika)”. Neno la mwisho liweke tu kama ni kweli. Kama mama bado anakuhitaji, andika kuwa yupo anayemhudumia mchana. Kiharusi, hospitali na gharama haviwahusu. Wanachotaka kujua ni kama utaondoka tena na kama mikono yako bado inazijua hesabu. Basi waambie ulichofanya kutunza ujuzi: mtihani wa NBAA (bodi ya wahasibu) ulioufanya, hesabu za duka la jirani ulizomwandalia, ritani za kodi ulizowasilisha TRA kwa ajili ya ndugu. Mtu akikuhoji sana juu ya ugonjwa wa mama, mrudishe kwenye kazi.

Fomu sasa. Hali ya ndoa: hujaolewa, andika hivyo, ni kweli. Dini na kabila: piga mstari. Watoto na wategemezi: andika “nitajaza baada ya kuajiriwa”. Maradhi ya kudumu: andika hivyohivyo. Uchunguzi wa afya unaohusu kazi hufanyika baada ya ofa, na daktari anapaswa kumwambia mwajiri kama unafaa kwa kazi ile, si kumsomea faili lako. Hali yako ya VVU huwajibiki kumwambia mtu. Ila kama una ibada inayogusa zamu, mathalani Msabato na Jumamosi za kuhesabu stoo, litaje kabla ya mkataba, kwa sababu hilo linahusu ratiba.

Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na ya akaunti ya benki zisikae kwenye CV inayozunguka ofisi kumi. Mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, wa kuombea kazi za serikali, unaihitaji NIDA, hapo ijaze. Kampuni binafsi ipewe baada ya ofa. Deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kama unalo, nalo litajulikana muda huohuo, kwa kuwa mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Huna haja ya kulitaja kwa jopo.

Mambo mawili yanayosahaulika. Namba iliyo kwenye CV yako ndiyo ya WhatsApp. Nimeona maafisa wakiihifadhi namba na kutazama picha kabla hata ya kupiga simu, kwa hiyo kama umeweka picha ya kadi ya kliniki, itoe leo. Pili, wadhamini. Mpigie bosi wako wa zamani kabla ya Alhamisi, mwambie umeomba kazi gani, na umwombe azungumzie utendaji wako tu. Wadhamini wengi hutoboa siri kwa nia njema kabisa: “Ooh, huyu binti amepitia mengi, na nasikia sasa ni mjamzito.” Kama yeye hajui kuhusu mimba, usimwambie bado.

Alhamisi nenda mapema nusu saa ili fomu isikukute na haraka. Ijaze kwa kalamu, na kabla ya kuirudisha mapokezini ipige picha kwa simu, kurasa zote, na mstari wa sahihi uonekane.