Ukienda kumwona, nawa mikono kwanza

Pole sana, mdogo wangu. Unasema rafiki yako wa miaka 19 amekutwa na saratani ya damu, ameanza kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, nawe ukimpigia simu unaishiwa maneno. Maneno si lazima. Mpelekee umbea wa chuoni, akisinzia mwache alale. Zile za "Mungu ana makusudi yake" kashazisikia za kutosha.

Kemo hushusha kinga, kwa hiyo mafua yako madogo yanaweza kumrudisha wodini. Ukiwa na kikohozi, piga simu tu. Matunda ya kukatwa barabarani usimpelekee. Fizi zake huenda zikatoka damu kirahisi. Mswaki laini utamfaa kuliko maua.

Kubwa ni damu. Wagonjwa wa namna hii huongezewa mara kwa mara, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazihifadhiki zaidi ya siku chache. Kusanya wenzako waliotimiza miaka 18, hata wenye kundi la damu tofauti na lake. Tanzania mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke 4, basi msiende wote siku moja, pangeni zamu.

Na akiletewa mitishamba, asiinywe kabla daktari hajaambiwa.