Kutoka jeshini kwenda kuongoza uraiani
Kaka umeuliza kama miaka 20 ya jeshi inaweza kukupa umeneja uraiani, inaweza kabisa, ila shida ya kwanza ni lugha, maana watu wanajaza kwenye CV "kamanda wa kombania" na mtu wa ajira akisoma haelewi kitu, sasa we andika uliongoza watu zaidi ya 100, ukasimamia magari, stoo na mafunzo yao, hapo atakuelewa.

Halafu hiki ndo kinawaangusha wengi, uraiani amri tupu haifanyi kazi. Mfanyakazi akikuuliza "kwa nini" sio utovu wa nidhamu, anataka kuelewa, na ukimfokea kila siku anaandika barua ya kuacha kazi anaondoka zake. Jizoeze kusikiliza na kushawishi, kwa kweli hapo ndo pagumu zaidi.

Njia ipo lakini, hata Eisenhower alikuwa jenerali wa nyota 5, akawa rais wa Chuo Kikuu cha Columbia 1948, urais wa Marekani ukaja baadae, 1953. Ukipewa cheo cha chini kidogo mwanzoni usikatae, chukua tu ujifunze kazi.