Mzee hajachanganyikiwa, ni sikio moja tu

Mkuu, umesema tangu sikio la kushoto la baba yako life, simu ikiita sebuleni yeye anaifuata jikoni, na pikipiki ikipiga honi anageukia siko. Nyumbani mmeanza kunong'ona kwamba akili inamtoka. Acheni hizo. Mimi sikio la kulia lilikufa na matubwitubwi nikiwa darasa la tatu, nikaja kuwa fundi wa kuchomelea vyuma mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa hiyo haya nayaishi.

Hujasema lilikufa lini. Kama ni ghafla, siku chache zilizopita, usimalize kusoma: mpeleke kwa daktari wa masikio leo. Dawa ikiwahi, wengine hupona.

Sasa kwa nini anapotea. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Ikitokea ubavuni, sikio la karibu huipata mapema kuliko la pili, kwa tofauti isiyofika hata elfu moja ya sekunde, na ubongo unaidaka. Hiyo husaidia zaidi kwa sauti nzito. Sauti nyembamba hukingwa na kichwa chenyewe, ng'ambo ya pili inafika imefifia. Mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, aliyaeleza haya mwaka 1907. Mwenye sikio moja atalinganisha na nini? Kwangu mimi dunia nzima iko kushoto.

Penye utulivu unajitetea. Unageuza kichwa taratibu, sauti ikikua unajua unaikaribia. Mikunjo ya sikio nayo inasaidia, hasa kwa sauti yenye mchanganyiko kama funguo zikigongana. Ule mlio wa simu wa "tiii" moja ndio mtihani, mbadilishie.

Kwenye kelele ndiko shida iliko. Mwenye masikio mawili, mtu akiongea huku na jenereta likinguruma kule, ubongo wake unavitenganisha. Sisi tunapokea uji mmoja. Siku moja grenda zinalia, mwenzangu akapiga kelele, "Wewe, guta!" Nikaruka kulia, na guta linatokea kulia hukohuko. Kovu la goti ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo mkivuka barabara, wewe kaa kushoto kwake, upande uliokufa, umlinde. Mkitaka kupiga stori, hamia kulia. (Mke wangu alichukua miaka miwili kuzoea, alidhani namkwepa.) Mezani mkalishe sikio bovu lielekee televisheni. Na msimwite mkiwa chumba kingine halafu mkasirike akienda uani, tajeni mlipo: "Baba, niko jikoni."

Simu yangu mimi inakaa kwenye bakuli la bati juu ya friji. Ikitetemeka, nyumba nzima inasikia, na mimi sina haja ya kujua sauti imetokea wapi. Naenda kwenye friji.