Jibu: Kwa nini pipi za jeli zinakuwa na chengachenga, na kwa nini za asali zinatoa jasho

Dada yangu wa Iringa, umeuliza kwa nini pipi zako za jeli za sukari tupu zinakuwa na chengachenga baada ya siku chache, ilhali zile za asali zinatoa jasho na kunatana mfukoni, nawe unashuku jelatini, yaani kile kigandishi chake. Mimi hutengeneza pipi hizi hapa Mbeya kwa ajili ya sherehe za watoto, na kwa uzoefu wangu jelatini mara nyingi husingiziwa, kwa kuwa kinachotofautisha pipi zako hizo mbili ni aina ya sukari.

Sukari ya kawaida, hata ikiyeyuka vizuri namna gani, hutaka kurudi kwenye chembe zake. Maji yasiyo ya moto huweza kushika sukari takriban mara mbili ya uzito wake, lakini ndani ya pipi iliyokamilika maji ni kama sehemu moja kwa sehemu nne za sukari. Ziada hiyo husubiri kichocheo kidogo tu, kama vile punje iliyobaki ukingoni mwa sufuria, ili ianze kuganda kuwa chenga.

Sirapu ya glukozi, ambayo hutengenezwa kwa kuvunja wanga, aghalabu wa mahindi, huzuia jambo hilo kwa sababu minyororo yake mirefu hujipenyeza katikati ya molekuli za sukari na kuzinyima nafasi ya kujipanga. Minyororo hiyohiyo huufanya mchanganyiko uwe mzito na wa kuvutika, ndiyo maana pipi yenye sirapu hiyo hutafunika kwa muda mrefu. Kuzuia chenga na kuleta mtafuno ni kazi mbili tofauti, na ningependa sana ulizingatie hilo kabla ya kubadilisha chochote.

Asali hufanya ile kazi ya kwanza tu, ya kuzuia chenga. Sehemu kubwa ya asali ni fruktozi na glukozi, sukari ndogo zisizo na minyororo, kwa hiyo pipi haipati chenga lakini inakuwa laini na hukatika haraka mdomoni. Isitoshe, fruktozi huvuta unyevu wa hewani, na katika masika yetu ya nyanda za juu hakuna mfuko wa kawaida utakaoizuia kutoa jasho. Hali ni hiyohiyo ukichemsha sukari na ndimu kwa muda mrefu, maana asidi na moto huigawa sukari kuwa glukozi na fruktozi. Sukari guru naipenda mno kwa ladha yake, hasa ikitiwa tangawizi, lakini kila bonge lina unyevu na uchachu wake, kwa hiyo siishauri kwa pipi za kuuza.

Kuna jambo jingine ambalo mapishi ya mitandaoni hayalitaji, nalo ni mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Pishi likikuambia uchemshe sirapu hadi nyuzi 115, nawe ukalifuata hapa bila kupunguza, maji mengi mno yatakuwa yamekwisha kutoka, pipi itakuwa ngumu na chenga zitakuja upesi zaidi. Mimi huepua kwenye nyuzi 109. Iringa mjini, ambako ni chini kidogo kuliko huku, pima kwanza maji yako yanachemka nyuzi ngapi, kisha punguza tofauti hiyohiyo.

Kipimo ninachokitegemea ni gramu 200 za sukari, gramu 200 za sirapu ya glukozi na gramu 70 za maji ya kuchemshia, pamoja na gramu 35 za jelatini iliyolowekwa katika gramu 70 za maji baridi. Jelatini hutiwa baada ya sirapu kupoa hadi kama nyuzi 80, na ndimu huja mwisho kabisa, kwa sababu moto na asidi vikikutana huidhoofisha. Ukitaka ladha ya asali, ondoa gramu 50 za sirapu ya glukozi na kuweka asali mahali pake, usizidishe hapo. Pipi ziache wazi usiku mzima kabla ya kuzifunga, na wakati wa mvua zipake mafuta kidogo sana badala ya kuzigaragaza kwenye sukari, kwani sukari hiyo ya juu ikishika unyevu huyeyuka.